Fundi Viatu Aliyefuga Mishumaa

Mtu wa kwanza kunieleza kwamba mshumaa unaweza kuharibika kwa kuwashwa dakika kumi tu alikuwa fundi viatu. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa darasa la nne mjini Thika, mwenye cheti, kalamu mbili mfukoni, na imani kubwa kwamba hakuna jambo la maana ningeweza kujifunza kwa mtu anayefanya kazi akiwa na misumari mdomoni.

Tulipakana vyumba miaka ya hamsini, katika safu ya nyumba za kupanga zenye paa la mabati, upande ule wa mji ambao upepo ukigeuka ulitujulisha kila kinachoendelea katika kiwanda cha ngozi. Wenyeji tulikuwa tumezoea. Mgeni tulimtambua kwa kitambaa alichoshika puani. Fundi alikuwa ametoka Maragoli kufuata kazi, kama wengi wa kwao waliokuwa Thika siku hizo. Jina lake nililijua, lakini sikumbuki kuwahi kulitumia. Sote tulimwita Fundi, na yeye alituita kwa viatu vyetu: yule wa soli mbili, yule mama wa kamba nyeupe, yule mzee wa kiatu kimoja kipya. Ukimsalimu aliitikia akitazama miguu yako. Siku ya kwanza tulipokutana, kabla hata ya kuniuliza kwetu ni wapi, alisema:

"Mwalimu, wewe unakanyagia kisigino ya kushoto sana. Unatembea kama mtu anatoroka."

Nilikuwa kweli natoroka. Kwetu Gitothua, kule Ruiru, mama alikuwa amenitafutia mchumba bila kuniuliza, na nilikuwa nimeomba kazi Thika ili nipate pa kujificha. (Mchumba huyo nilimwoa miaka sita baadaye, kwa hiari yangu kabisa, na mama hajaacha kunikumbusha.)

Fundi alikuwa mtu msafi kuliko wote niliowahi kuishi nao, naye alifanya kazi chafu kuliko zote za mtaa ule. Shati lake lilikuwa jeupe kila siku, limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Kucha zake alizisugua kwa limau. Lakini chumba chake kimoja kilikuwa karakana na nyumba pamoja: huku kibao, nyundo na chuma cha kuvalisha kiatu, huku kitanda, na katikati pazia la maua. Ngozi alizihifadhi kwenye sanduku kubwa la mbao chini ya kitanda. Alilala juu yake kama kuku anayeatamia mayai, kwa hofu ya wezi.

Na pua yake haikusikia harufu ya ngozi. Hata kidogo. Miaka mingi ya kuishi nayo ilikuwa imemziba upande huo tu. Aliweza kukuambia kwamba mtu wa chumba cha tano ameunguza maharagwe, au kwamba fulani amebadilisha sabuni, lakini ngozi mbichi ya kondoo uliyomwekea chini ya pua ilikuwa kwake kama hewa tupu. Angebaki hivyo maisha yake yote bila kujua, kama si mkewe.

Mkewe alikuwa akitunza shamba Maragoli. Watoto walipokua, yeye na Fundi waliafikiana kwamba aje waishi pamoja Thika. Alikuja na vitu vyake vyote, akakaa siku tatu, akarudi. Sikuwepo, lakini Fundi alinisimulia maneno yake mara nyingi sana, kwa sauti ya mkewe, hadi ninayajua kana kwamba niliambiwa mimi:

"Baba watoto, mimi sikukukataa. Lakini kila nikifunga macho, ng'ombe amesimama kichwani kwangu. Nitakuja mara moja tena. Nikilala bila huyo ng'ombe, nakaa. Nikimwota, basi tutakuwa tunaonana Krismasi mpaka tuzeeke."

Kwa hiyo alikuwa na nafasi moja. Kila alichofanya na mishumaa yake, kwa miaka minne niliyomfahamu pale, kilihusu nafasi hiyo moja.

Mshumaa wenyewe ulitoka shambani kwa Mzungu mmoja wa kahawa, nje kidogo ya Ruiru. Fundi alikuwa amemrekebishia memsahibu wa pale buti za kupandia farasi, na yule mama, badala ya asante, akampa mshumaa wa manukato uliobaki nusu ndani ya glasi. Fundi alirudi nao kwa miguu hadi stesheni akiwa ameubeba kwa mikono miwili. Aliuwasha jioni ile, akauzima upesi ili usiishe. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya tano utambi ulikuwa umejichimbia shimo katikati ya nta kama fuko, pembeni nta imesimama nzima haijaguswa, na siku ya sita utambi ukazama ndani ya shimo lake ukafa.

Alikasirika, kisha akaanza kuuchunguza jinsi alivyochunguza kiatu kilichoharibika: nani alikosea, na wapi. Mwisho wa uchunguzi aligonga ukuta wetu wa mbao.

"Mwalimu! Wewe unavuta sigara?"

"Kifua changu hakivumilii," nikasema. Nilikuwa nimejaribu, kwa sababu walimu wakubwa walivuta.

"Unajua mtu anavuta?"

Alitaka ile karatasi ya fedha iliyo ndani ya pakiti. Nilimwombea kwa mwalimu mkuu, nikidai ni kwa ajili ya somo la ufundi. Fundi aliizungusha karatasi ile kwenye mdomo wa glasi, akaacha tundu dogo juu, akachimbua utambi kwa sindano ya kushonea viatu, akawasha. Joto likajikusanya chini ya karatasi, nta ya pembeni ikaanza kuteremka taratibu, na baada ya saa mbili uso wa mshumaa ulikuwa tambarare kama ziwa. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile kwa kitu kisicholiwa.

Kuanzia hapo akawa na sheria. Utambi haukuwashwa kabla ya kukatwa, na ulibaki na urefu wa ukucha wa kidole chake kidogo, ambao aliutunza kwa kazi hiyo. Mrefu zaidi ya hapo, alisema, moto unaruka na kuacha masizi ukutani. Mshumaa mpya ukiwashwa mara ya kwanza, hauzimwi mpaka nta iyeyuke hadi ukingoni, hata kama mwenye nyumba ana safari. Haukai penye upepo. Haukai penye jua. Unafunikwa ukiwa haufanyi kazi, kwa sababu vumbi la Thika ni jekundu na linapenda nta. Na haupulizwi. Kupuliza kulimuudhi kuliko matusi. Yeye aliuinamisha utambi ndani ya nta kwa ncha ya sindano, ukazimika bila moshi, kisha akausimamisha tena katikati, kwa upole kama anamweka mtoto vizuri kitandani.

"Hii kitu si taa," aliniambia mara ya kwanza nilipotaka kusahihisha madaftari kando yake. "Ukitaka taa, koroboi iko hapo. Hii inafanya kazi ingine."

Na kweli alikuwa na mishumaa minane kwenye rafu, huku akishona viatu kwa mwanga wa koroboi ya mafuta ya taa yenye moshi mweusi. Nilipomwonyesha kwamba koroboi inaharibu harufu ya mishumaa, alifikiri kidogo, kisha akaihamishia koroboi nje ya dirisha, akawa anashona kwa mwanga unaoingia kutoka nje. Majirani walidhani amefukuza kivuli chake.

Mishumaa hiyo minane aliitengeneza mwenyewe. Fundi viatu hana shida ya nta: uzi wa kushonea soli hupakwa nta ya nyuki ili upite kwenye ngozi, na alikuwa na wauzaji wake wa asali kutoka Ukambani waliomletea masega yaliyokamuliwa. Utambi aliusuka kwa uzi huohuo, nyuzi tatu, kama nywele za msichana wa shule. Kilichobaki ni harufu, na hapo ndipo aliponisumbua mimi.

Alijaribu karafuu za dukani kwa Mhindi. Chumba kikanuka kama jino linalong'olewa. Akajaribu majani ya mkaratusi. Kila aliyeingia alimpa pole ya mafua. Mchaichai ulikubali. Lakini alichokitaka zaidi ni maua ya kahawa. Mvua ikinyesha baada ya ukame, mashamba ya Ruiru hugeuka meupe kwa siku mbili tatu, na harufu yake inakufuata hadi ndani ya gari la moshi. Fundi alizungumza na vibarua wamkusanyie maua yaliyokwisha kuanguka, maana kugusa yaliyo mtini kungewafukuzisha kazi. Aliyeyusha nta na mafuta ya nazi, akaitandaza kwenye sinia, ikipoa akayakandamiza maua juu yake na kuyafunika. Kesho yake anayabandua, anaweka mengine. Siku tatu mfululizo. Kisha anaikwangua nta yote na kuimimina kwenye kopo lenye utambi.

Kila Jumamosi nilikuwa mnusaji. Nilipaswa kutembea hadi barabarani, nivute hewa safi, nirudi niingie kwa ghafla "kama mama watoto akishuka kwa gari".

"Haya. Sema ukweli."

"Nasikia maua."

"Na ngozi?"

"Ngozi pia, Fundi."

"Kiasi gani? Ng'ombe mzima?"

"Kama mguu mmoja."

"Mwezi jana ulisema miguu miwili!" alisema, akaandika kwa chaki nyuma ya mlango.

Barua za kwenda Maragoli pia niliandika mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa msomi wa safu ile. Fundi alisema, "Mwambie tumefika mguu moja." Mimi niliandika kwamba nyota ya alfajiri ya moyo wangu inakaribia kuchomoza juu ya bahari ya subira. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: "Huyu anayeniita nyota ni nani, na wewe uko wapi?" Fundi aliniangalia viatuni kwa muda mrefu.

Nyumba yenye sufuria ya nta, majani, nyuzi zilizosukwa na ngozi za kondoo haikuwa nyumba salama siku za Hali ya Hatari. Mchana mmoja homgadi, wale walinzi wa serikali ya Wazungu, waliokuwa wakipekua vyumba walifika kwetu. Walianza na mimi, wakatazama kipande changu cha utambulisho mbele na nyuma na kusoma madaftari ya darasa la nne kana kwamba hesabu za kugawanya zilikuwa siri za vita. Kisha mmoja wao, mwenye koti kubwa, akafunua pazia la Fundi.

"Aai! Hii ni nini? Hapa mnakula kiapo!"

Nilikuwa nimewafuata hadi mlangoni, madaftari mkononi. Mimi nilikuwa Mkikuyu wa chumba cha pili. Ikiwa kulikuwa na kiapo cha wapiganaji wa msituni upande ule wa ukuta, nani angeamini kwamba mimi nilikuwa nikisahihisha hesabu?

Fundi hakuinuka. Alitazama buti za yule homgadi. "Bwana, hiyo ya kulia imefunguka mbele. Vua niweke uzi."

"Nimekuuliza hii ni nini!"

"Ni mshumaa. Vua kiatu, nikuonyeshe."

Na yule mtu, sijui kwa nini hadi leo, alivua. Huku akishona, Fundi alimpa somo lote: ukucha, ukingo, upepo, jua. Akamwashia mmoja. Homgadi akainama, akanusa, akasimama na soksi moja iliyotoboka. "Bibi yangu angependa hii," alisema hatimaye. Aliondoka na kopo moja la mchaichai, na chumba changu hakikupekuliwa tena.

Wiki iliyofuata alirudi peke yake, amekasirika. "Fundi, umenidanganya! Imejichimbia shimo!"

"Uliwasha muda gani?"

"Kidogo tu, nazima. Nisimalize."

"Ndiyo hiyo sasa," Fundi akasema, kwa huruma ya mtu aliyepitia. "Mwalimu! Karatasi ya sigara!"

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mkaidi na mchoyo wa mishumaa. Wazee wa kanisa walipomwomba mmoja wa Krismasi alikataa mbele ya watu, akasema mlango wa kanisa unafunguliwa kila mtu akichelewa na upepo ule ungeuua. Walipomkumbusha kuwa ni wa Bwana, aliuliza kama Bwana angekaa karibu na mlango. Aliweza kukurudisha nje kwa kuingia kwa kasi, kwa sababu mwali ulicheza. Na hakuwahi, hadi wakati huo, kukiri kosa. Kiatu kikirudi kimefunguka, mwenye kiatu alitembea vibaya. Nta ikiganda vibaya, mwezi ulikuwa mbaya. Mimi nilikuwa mwenye makosa zaidi kuliko mwezi.

Hapo nikapata nafasi ya kwenda chuo kikuu Kampala. Nilirudi likizo ya kwanza katika chumba changu kilekile na tai, mwavuli, na kichwani robo ya kitabu cha fizikia, somo ambalo sikuwa hata nalisomea. Kitabu nilikuwa nimekiazima kwa mwenzangu wa chumba kule chuoni. Nilimkuta Fundi amefunga mzigo. Alikuwa amepata kitu kipya: mshumaa mkubwa wa maua ya kahawa, wa kopo la biskuti, uliomchukua misimu miwili ya maua. Alikuwa anakwenda Maragoli kumleta mkewe. Ile mara moja ya mwisho ilikuwa imefika.

"Mwalimu, nakuachia nyumba wiki mbili. Mishumaa iweke kwako, chini ya kitanda yako, kwa sufuria, na kitambaa ya maji juu. Kwako, si kwangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

Nilirudia, nikitabasamu kama mtu aliyesoma anavyotabasamu. Akiwa tayari barabarani aligeuka, akanikumbusha mara ya tatu mbele ya watu.

Siku mbili baadaye jua liliwaka hadi mabati yakalia. Kitambaa cha maji kilikauka kabla ya saa nne. Niliona nta ya kopo kubwa imeanza kulainika pembeni, nikaingiwa na wasiwasi, na wasiwasi wangu ukaenda moja kwa moja kwenye ile robo ya kitabu. Kitabu kilisema kuna vitu vinavyopitisha joto na vingine visivyopitisha. Ngozi haipitishi. Na chini ya kitanda cha Fundi kulikuwa na sanduku zima la ngozi, zito, lenye giza na ubaridi. Nilijiona kama mvumbuzi. Niliichukua mishumaa yote minane pamoja na ule mkubwa, nikaufunga kila mmoja kwa ngozi laini ya kondoo, nikaipanga ndani ya sanduku na kufunika. Kila siku niligusa nta. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Niliandika hata mambo haya kwenye daftari, nikifikiri huenda profesa mmoja angependa kuyajua.

Jambo ambalo kitabu hakikusema, na ambalo mtu yeyote aliyewahi kuhifadhi siagi karibu na vitunguu angeniambia, ni kwamba nta na mafuta hunywa harufu ya jirani.

Walifika Jumamosi adhuhuri. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye kitambaa cha samawati kichwani. Hakushika pua, ingawa upepo ulikuwa umegeuka. Alisimama mlangoni mwa chumba kama mtu anayesubiri kuambiwa aingie kanisani. Nilikuwa nimeirudisha mishumaa kwenye rafu asubuhi ile, kwa ujanja, ili Fundi asijue njia yangu mpya mpaka nimweleze kwa utulivu.

Fundi alivua kofia. Akakata utambi wa ule mkubwa, akapima kwa ukucha, akauwasha, akaketi. Tuliketi watatu tukiutazama mwali. Nta ikaanza kuyeyuka. Fundi alifumba macho, akavuta hewa, uso wake ukalainika. Yeye alisikia maua ya kahawa tu.

Mimi nilisikia maua ya kahawa yamepandwa juu ya kondoo aliyekufa.

Mkewe alivuta hewa mara moja, ya pili, ya tatu, kama anayesoma barua ya mwandiko mbaya. Kisha akasema taratibu, "Baba watoto. Umempaka ng'ombe marashi?"

Fundi alifumbua macho. Hakuelewa. Alinusa tena, akamtazama mkewe, akanitazama mimi, usoni, si miguuni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Mwalimu. Ulikuwa umeiweka wapi?"

"Kulikuwa na joto," nikasema. "Kitabu..."

"Wapi?"

"Kwa sanduku la ngozi."

Nilisubiri kelele. Nilistahili kelele, na ile ya mkewe pia. Misimu miwili ya maua, miaka minne, nafasi moja. Fundi alichukua sindano, akauinamisha utambi, moto ukazimika bila moshi. Akausimamisha tena katikati.

"Ni mimi," alimwambia mkewe. "Sikumweleza vizuri."

Alikuwa amenieleza mara tatu, moja barabarani mbele ya watu. Mkewe alijua hivyo pia. Alikuwa ameona jinsi nilivyokuwa nikitokwa na jasho. Alimtazama mumewe kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama jirani aliyenyoa ndevu. Kisha akafunga kanga kiunoni, akapiga magoti, akavuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda.

"Na hii inakaa hapa kwa nini?"

"Wezi," Fundi akasema.

"Miaka yote unapika maua, na ng'ombe mwenyewe amelala chini yako?"

Mtu wa chuo kikuu na fundi mwenye sheria ishirini tulitazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kulitoa sanduku nje. Mkewe alilikokota mwenyewe hadi kibarazani, likikwaruza sakafu, na alipomaliza alianza kucheka. Alicheka hadi akakaa juu yake. Fundi hakucheka. Alikuwa akimsubiri amalize ili ajue hukumu.

Hukumu ilitoka Jumatatu. Alikuwa ameota ng'ombe, akasema, ijapokuwa safari hii alikuwa mbali kidogo, kama kwenye shamba la jirani. Miaka mingi ya ngozi haikutoka ukutani kwa siku mbili. Alifunga mzigo wake. Tulimsindikiza stesheni, na kabla ya kupanda alimwambia mumewe:

"Hizi ngozi zikipata nyumba yao, niandikie." Akanigeukia. "Lakini si kwa mkono wa huyu."

Gari liliondoka. Fundi alirudi mjini, nami nilitembea nyuma yake nikikanyagia visigino vyote viwili. Wiki iliyofuata nilirejea Kampala. Nilimwandikia mara mbili kuomba radhi. Hakujibu, na hakuwa na wa kumwandikia. Niliporudi Thika likizo nyingine, chumba chake kilikuwa na fundi cherehani ambaye hakujua chochote isipokuwa kwamba mlango ulikuwa na alama nyingi za chaki.

Nilimwona tena mwishoni mwa miaka hiyo. Nilikuwa nimeoa, nafundisha shule ya upili, ninakaa Gitothua karibu na kwetu. Mtu mmoja sokoni Ruiru alinishonea kiatu akaniambia kazi nzuri zaidi angeifanya mzee wa kibanda kile cha pembeni, ila leo yuko nyumbani kwake. Aliponitajia tabia ya mzee huyo, kwamba watu wote huwaita kwa viatu vyao, nikauliza njia.

Ilikuwa nyumba ya udongo ya vyumba viwili, imepakwa chokaa, na maboga uani. Hapakuwa na kipande cha ngozi popote. Ngozi zote zilikuwa zimebaki sokoni, kwenye kibanda chenye kufuli. Lakini nilipofika kwenye kichaka cha ua nilisimama. Harufu ya maua ya kahawa ilikuwa ikitoka dirishani, safi, mchana kweupe. Hata mguu mmoja wa ng'ombe haukuwepo, wala ukwato.

Alikuwa bado anapika maua. Alikuwa amehama mji, amejenga nyumba, ametenga ngozi, na bado alikuwa akiwasha mshumaa ili mtu aje. Na mimi ndiye niliyeiharibu ile siku.

Fundi alitoka. Alikuwa amezeeka kidogo, shati jeupe vilevile. Alitazama viatu vyangu.

"Mwalimu! Sasa unakanyaga sawa. Umeoa?"

"Nimeoa." Nilikaa kwenye kigoda alichonipa. Nilizungukazunguka na habari za shule na mvua, kisha nikashindwa. "Fundi. Mama watoto... alikataa?"

"Nani alikataa?"

"Naona bado unawasha."

Alinitazama kana kwamba nimeuliza maji yanatoka wapi. "Ameenda Maragoli, harusi ya mtoto ya dada yake. Anarudi Alhamisi. Yuko hapa mwaka ya tatu sasa. Hayo maboga unaona ni yake."

Ndipo nikaona vitu vingine: kanga kwenye kamba, viatu vya kike mlangoni vilivyowekwa soli mpya, sufuria tatu za ukubwa tofauti zilizofunikwa na mtu anayejua ukubwa wa vifuniko.

"Kumbe!" nikasema, na nikacheka kwa nguvu zaidi ya ilivyofaa. "Basi mshumaa ulimpendeza mwishowe."

"Huu? Tangu aje hapa hajawahi kuona nikiwasha. Nawasha akisafiri tu."

"Na akiwepo?"

Fundi aliinama kidogo, akauangalia mwali kupitia mlango, kisha akanijibu kama anamweleza mteja mgumu.

"Akiwepo nawasha ya nini, Mwalimu? Harufu yake mwenyewe nitaisikia saa ngapi?"

Nilimuaga kabla jua halijashuka, nikatembea nyumbani kwa njia ya mashamba. Mke wangu alikuwa jikoni akimenya viazi, amenipa mgongo. Nilisimama nyuma yake, nikainama taratibu hadi shingoni kwake, nikavuta hewa.

"Wee! Unatafuta nini hapo?"

Nilimwambia nafanya utafiti.

"Basi tafiti ukimenya," akasema, na kunipa kisu.